Kliniki ya Makovu

Siku ya Madaraka ya mwaka 1995, mbele ya wananchi waliosimama juani kwa hiari na wanafunzi waliosimama juani kwa amri, ilitangazwa rasmi kwamba kifafa cha watoto hakipo tena katika sehemu hii ya nchi, kuanzia ukingo wa ziwa Homa Bay mpaka mpakani Isebania. Aliyetangaza alikuwa Bwana Nicanor Monari, afisa mkubwa wa mambo ya afya, mtu mwenye sauti nzuri na takwimu mkononi. Takwimu zilikuwa sahihi. Kwa miaka mitatu hakuna hospitali iliyokuwa imeripoti hata mtoto mmoja. Watu walipiga makofi, bendi ikapiga, na ugonjwa uliokaa na binadamu tangu kabla ya kuwapo kwa serikali ukawa umeondolewa kabla ya saa saba, ili wageni wapate kwenda kula.

Kando ya jukwaa, katika hema la huduma ya kwanza, alikaa daktari ambaye sehemu kubwa ya takwimu hizo ilitoka mkononi mwake. Jina lake Rael Mniko. Hakupiga makofi, na hakuna aliyeona kwamba hakupiga, kwa kuwa viti vya kulia kwake na vya kushoto kwake vilikuwa vitupu. Hakuwa amemkosea mtu. Watu wa Homa Bay walimheshimu sana. Walimheshimu kwa mbali.

Rael alikuwa mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Ntimaru, kwa Wakuria. Alipita mtihani mmoja baada ya mwingine mpaka watu wa kwao wakachoka kushangaa, akasomea udaktari Nairobi, na mwaka 1992 akapelekwa kufanya kazi katika hospitali moja ya Homa Bay iliyo mlimani, ambako ziwa huonekana kutoka wodi zote isipokuwa ile ya watoto. Kutoka Ntimaru si mbali. Ukiamka mapema unafika kabla ya chakula cha mchana. Lakini Ntimaru ni Kikuria na Homa Bay ni Kiluo, na katikati kuna Kiswahili, ambacho kila upande hukichukulia kama shati la ofisini: ni safi, lina heshima, na hakuna anayelala nalo. Rael alizungumza Kiswahili kutwa nzima, na jioni, katika nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu na kiti kimoja, hakuzungumza kitu.

Walimpa wodi ya watoto. Humo, katika miezi ya kwanza, aliona jambo. Watoto walioungua walikuwa wengi, na hilo si ajabu mahali ambapo mafiga yapo chini na watoto wapo chini. Ajabu ilikuwa namna walivyoungua. Mtoto akijikwaa akaangukia moto, huondoa mkono. Hiyo haihitaji shule. Hawa hawakuwa wameuondoa. Mkono ulikuwa umekaa motoni kana kwamba mwenyewe alikuwa ametoka kidogo. Kisha mmoja akapona, akaenda nyumbani, akarudi ameungua mkono uleule.

Basi Rael akaanza kuuliza. Kwa kuwa Kiluo hakukijua, aliuliza kupitia muuguzi wake, Caren, mwenyeji wa pale, mwanamke mwepesi wa kazi na wa maneno. Kila mama alipoingia, Rael alisema, "Muulize kama mtoto huwa anaanguka na kupoteza fahamu." Caren aliuliza. Mama alijibu kwa kirefu, wakati mwingine kwa tabasamu. Caren alifasiri, "Anasema hapana, hajawahi. Na anakula vizuri."

Kwa mwaka mzima jibu lilikuwa hilo. Rael alihitimisha mambo mawili: kwamba watoto wa Homa Bay hawaanguki, na kwamba mama zao, kwa adabu ya huko, hawawezi kumaliza kumzungumzia mtoto bila kutaja chakula. La pili alilipenda. Hata aliliandika katika barua kwa mama yake.

Kisha siku moja mvulana wa miaka sita aliyeitwa Jeff, aliyeletwa kubadilishiwa bendeji ya mkono, alianguka mbele ya dirisha la dawa. Alianguka kama nguo inavyoanguka kutoka kambani. Mwili ukakakamaa, ukaanza kujirusharusha, na povu likamtoka. Foleni nzima ikarudi nyuma, ikafanya duara pana, safi, kwa utaratibu ambao hakuna gwaride lililowahi kuufikia. Hakuna aliyepiga kelele. Mama yake, Liz, alisimama katika duara pamoja na wengine, kiganja mdomoni. Kila mtu pale alijua sheria, na sheria ilikuwa nyepesi: anayeanguka haguswi mpaka amalize, na anayegusa povu lake atakuja kuanguka mwenyewe. Labda si leo. Mama mwenye watoto wengine wanne hawezi kuanguka.

Rael aliingia katika duara, akapiga magoti, akamlaza mtoto kwa ubavu, akamfuta mdomo kwa pindo la koti lake jeupe. Alikaa naye hivyo mpaka mwili ukatulia. Alipoinua macho kumwita Caren aje amsaidie, Caren alikuwa katika duara.

Walizungumza baadaye, ofisini.

"Caren, kwa mwaka mzima nimekuwa nikikwambia uwaulize kama mtoto huanguka."

"Ndiyo, daktari."

"Na wewe ulikuwa unauliza nini?"

Caren alitazama mikono yake. "Kama anakula."

"Kama anakula."

"Sasa ningeuliza aje, daktari? Hao wamama wako laini moja na shemeji zao. Nikitaja *ndulme*, hiyo kifafa, hapo, kufika jioni hakuna msichana wa hiyo boma ataolewa tena. Wewe unaona ni swali. Hapa hiyo si swali, hiyo ni tangazo."

"Kwa hiyo majibu yote yale yalikuwa ya chakula."

"Na yalikuwa ya kweli," Caren alisema, kwa kujitetea kidogo. "Wanakula vizuri." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Daktari, na povu ulishika?"

"Nilishika."

Caren akasogeza kiti chake nyuma. Si sana. Kama mtu anayetafuta mwanga.

Habari zilishuka mlimani kabla ya Rael. Kesho yake mama wa maziwa, aliyekuwa akimmiminia kutoka kikombe chake mwenyewe huku akimsimulia juu ya goti lake, aliacha chupa juu ya nguzo ya ua na kwenda zake na goti. Katika nchi ambayo watu husalimiana kwa mkono hata wakiwa wameachana dakika tano zilizopita, Rael hakushikwa mkono tena. Kanisani, padri alipowaambia waumini watakiane amani, waliokuwa karibu naye walimtakia kwa tabasamu pana, mikono ikiwa imeshikilia vitabu vya nyimbo kwa imani kubwa. Hakuna aliyemchukia. Walikuwa wanangoja tu aanguke. Mji ulingoja kwa subira, bila kinyongo, kama inavyongojwa mvua ambayo mawingu yake yameshaonekana. Siku moja sokoni alijikwaa kwenye kamba ya turubai, akaenda chini na kikapu chake. Duara likajifanya pale pale. Rael akaketi katikati yake, akaokota nyanya zake, akasimama, akajifuta vumbi. Watu wakarudi kwenye biashara zao, baadhi yao wakiwa na uso wa mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

Krismasi alikwenda Ntimaru. Mama yake alikuwa amesikia. Mpaka wa lugha hauzuii habari za namna hiyo. Alimkumbatia, lakini kwa upande wa bega, na chai akampa katika kikombe cha wageni, kile cha maua, ambacho Rael tangu utoto alikuwa amekatazwa kukigusa.

"Mbona hiki, mama?"

"Wewe ni daktari sasa," mama alisema. "Ni heshima."

Siku zote tatu alikinywea hicho. Hakuna mwingine aliyekitumia.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa Liz, mama yake Jeff. Alipitia mlango wa nyuma wa wodi, Alhamisi, siku ambayo watu wengi huenda sokoni na macho yao huenda pamoja nao. Alisimama mbali na meza na kusema kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki, "Daktari, wewe ulishashika. Sasa huna cha kuogopa. Nitibie huyu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya akina mama wote waliomfuata. Mtu ambaye ameshalaaniwa ni mtu wa kuaminika. Walikuja kutoka Rangwe, wakaja kutoka Ndhiwa, baadaye hata kutoka upande wa Migori, kila mmoja kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akiamini kuwa ni yeye peke yake. Ilipofika wakati wakaanza kukutana mlangoni, na kila mmoja akajifanya amepotea njia, Caren ndiye aliyetoa ufumbuzi.

"Tuite Kliniki ya Makovu," alisema. "Kila mtu ako na kovu. Hata mkubwa wa kituo ako na kovu."

Kibao kikawekwa, foleni ikahamia mlango wa mbele, na makovu ya sehemu hiyo ya nchi yakaongezeka kwa kasi. Kila mwezi Rael alipeleka taarifa: makovu, idadi kadhaa, kifafa, hakuna. Alikuwa amewaahidi. Caren alikaa upande wa pili wa chumba, akawaita majina, akawapimia vidonge, na sasa aliuliza maswali kama yalivyotoka, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Lakini stoo ya dawa haileti dawa ya ugonjwa usioripotiwa. Kwa hiyo vidonge vya fenobabitoni Rael alivifuata Migori, katika duka la dawa la Hemed, mtu wa Mombasa aliyekuwa amehamia huko na mizani ya babake na lafudhi isiyokubali kuzoea. Dawa ya mwezi mzima huingia katika mkoba mmoja. Rael alikwenda kila Jumamosi.

"Daktari, karibu," Hemed angesema, na kumpa mkono, mkono mzima, akautikisa kama mtu anayepampu maji. Kisha kahawa. "Wajua, dawa hii katika Migori nzima yanunuliwa na wewe tu. Nilidhani wailisha kuku."

"Kuku wangu wana makovu, mzee."

"Makovu yatibiwa kwa hii?"

"Huko kwetu, ndiyo."

Hemed hakuuliza zaidi. Mwuza dawa mpakani hajengi maisha kwa kuuliza. Lakini siku moja alitaka kujua kwa nini daktari mzima mwenye kazi ya serikali anataka kurudi darasani, maana Rael alikuwa ameanza kulisema hilo.

"Kuna watoto dawa hii inawakubali," Rael alisema. "Jeff haanguki tena. Kuna wengine haiwakubali, na sijui kwa nini. Yuko msichana mmoja anasahau maneno. Kila akija amesahau mengine. Nina kitabu kimoja, nimekisoma mpaka mwisho, na mwisho kimeandika: mpeleke kwa bingwa wa ubongo wa watoto."

"Basi mpeleke."

"Nimemtafuta huyo bingwa. Kuanzia hapa mpaka Kisumu hayupo. Nairobi sikuambiwa vizuri kama yupo. Nimeona afadhali niwe mimi, angalau nijue anakokaa."

Hemed alicheka mpaka akakohoa. Rael pia alicheka. Kisha akapanda gari la kurudi kupitia Rongo, na mpaka Jumamosi nyingine hakucheka na mtu.

Mapema mwaka 1996 aliomba ruhusa ya kwenda kusoma: kwanza magonjwa ya watoto, Nairobi, halafu ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto, ng'ambo, kwa kuwa nchini hapakuwa na pa kuisomea. Jibu lilimfikia likiwa na sahihi ya Bwana Monari. Lilimpongeza. Lilimkumbusha kwamba, kama ilivyotangazwa rasmi, na kwa mujibu wa taarifa zake mwenyewe, ugonjwa anaotaka kuusomea haupo katika eneo lake la kazi. Kama anao ushahidi tofauti, alete majina ya watoto hao na ya vijiji vyao, machifu wayathibitishe, na ombi litaangaliwa upya. Vinginevyo, kwa kutambua kazi yake nzuri katika makovu, ipo nafasi ya masomo ya ngozi.

"Chukua ngozi, daktari," Caren alisema. "Ngozi si mbaya. Ngozi haianguki."

Hemed alikuwa na maoni mengine. "Andika majina, uende. Karatasi haina mdomo."

"Chifu anao," Rael alisema. "Na ana baraza kila wiki."

Aliwauliza akina mama wenyewe, mmoja mmoja, Alhamisi mlango ukiwa umefungwa. Walimsikiliza kwa makini. Walielewa vizuri kwamba akienda kusoma atarudi na ujuzi ambao mtu yeyote pale hana, na kwamba asipokwenda, msichana anayesahau maneno atayamaliza. Wote walikubali majina yaandikwe. Kila mmoja alikubali kabisa, isipokuwa la mtoto wake. Liz alikuwa na sababu maalumu: dada yake Jeff alikuwa ameposwa.

"Andika ya Jeff ng'ombe wakishafika," Liz alisema. "Wakishafika hawarudi."

"Watafika lini?"

"Wamesema mwezi wa nane. Lakini wewe unajua ng'ombe."

Rael alikaa na ile barua wiki nyingi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kiti kimoja, na jambo moja tu alilolitaka duniani, na lilikuwa mbele yake, bei yake ikiwa imeandikwa wazi. Majina yote alikuwa nayo kichwani. Yangemchukua nusu saa. Mwishowe alijibu kwa mistari miwili: kwamba anashukuru kwa ngozi, haitaki; na kwamba kuhusu majina, hana la kuongeza kwenye taarifa zake. Kisha akaendelea kutibu makovu. Mwaka ule msichana aliyesahau maneno alibakiwa na machache, halafu na la kumwita mama yake, halafu akaacha kuletwa. Rael alimwuliza Caren habari zake. Caren alisema walikuwa wameshazika. Wiki hiyo Rael alikwenda Migori siku ya Jumatano, bila kuhitaji dawa, akamkuta Hemed amefunga duka kwa msiba wake mwenyewe, akarudi.

Ruhusa ilikuja katikati ya mwaka 1997, bila kuombwa tena na bila maelezo. Ya masomo aliyoyataka, mpaka ya ng'ambo. Caren alisema ni maombi. Mkubwa wa kituo alisema ni uongozi bora.

Asubuhi aliyoondoka, kituo cha magari kilikuwa na watu wengi, na wote walimuaga, wakipunga mikono kutoka walikosimama. Caren alibeba begi dogo. Alhamisi zote sasa zingekuwa zake, pamoja na daktari mgeni atakayeletwa, ambaye hakuletwa. Alisimama kidogo akitazama tairi. Halafu akatoa mkono, akaushika wa Rael, akaukaza, akakaa nao muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Gari lilipong'oka Rael aligeuka, akamwona anafuta kiganja kwenye gauni, polepole, kwa mazoea tu.

Kuhusu ruhusa yenyewe, liko jambo la miezi miwili kabla yake.

Alhamisi moja mzee mmoja alikaa kwenye benchi la nje pamoja na akina mama. Hakuwa na dereva. Alikuwa amevaa kofia ya pama aliyoivuta mpaka kwenye nyusi, na mapajani alimpakata mjukuu wa miaka minne. Akina mama walisogea ili mtoto apate kivuli. Hawakumjua, ingawa sauti yake wangeijua. Alingoja zamu yake. Caren alipofunga mlango, alivua kofia.

"Bwana Monari," Rael alisema.

"Daktari." Aliitazama meza, mizani, vidonge. "Nimeambiwa hapa mnasaidia watu."

"Tunajaribu."

"Huyu si wa wilaya hii. Ni wa kwangu, Kisii."

"Sawa."

"Kwa hiyo haingii katika taarifa zenu."

"Sawa, mzee. Tatizo lake ni nini?"

Bwana Monari, ambaye alikuwa amelitamka neno lile mbele ya uwanja mzima bila kupepesa, alifungua mdomo na kuufunga. Mtoto alikuwa akichezea kifungo cha koti lake.

"Tumekuja," alisema hatimaye, "kwa ajili ya kovu."

Rael akamchukua mtoto, akamvua shati kama utaratibu wa kliniki ulivyotaka, akamtazama mikono, mgongo, tumbo, akamgeuza, akamtazama tena. Kisha akachukua kadi mpya na kuandika: kovu. Mtoto hakuwa nalo hata moja.